Usiseme "Anasema"

Ngara Mjini,
2 Machi 1997

Dada Deodata,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji Bulugu na watoto hapo Nemba hamjambo. Mimi sijambo. Barua hii nimemkabidhi Anuari, yule mwenye duka, ambaye hupita huko kwenu kununua maharage. Ikifika inanuka sabuni ujue ndiye.

Baada ya kuwapikia masista mwaka mzima, nimepata kazi nyingine. Nakaa chumba kimoja na Arafa, mpiga chapa wa ofisi yetu, binti wa ile familia ya watu wa pwani walio nyuma ya soko. Yeye anaswali, mimi nasali rozari, na hatujagombana ila kuhusu chumvi. Ananicheka sana. Eti nikiomba kalamu nasema karamu, na yeye anauliza karamu ya harusi ya nani.

Kila asubuhi gari linatupeleka kambini. Bwana Kombo, mkuu wetu, hajui Kirundi hata cha kuombea maji. Mkimbizi anaeleza ametoka wapi na amepotezana na nani, mimi natafsiri kwa Kiswahili, Bwana Kombo anaandika, ili wazazi na watoto watafutwe. Kwa kuwa Kirundi na Kihangaza chetu ni ndugu, lugha hainipi shida. Shida ilikuwa siku ya kwanza. Mama mmoja alieleza, nami nikasema, anasema kwamba nyumba yake ilichomwa. Bwana Kombo akaweka kalamu chini. "Usiseme anasema," akaniambia. "Sema mimi. Nyumba yangu ilichomwa. Nataka nimsikie yeye, wewe usiwepo."

Basi sasa ndivyo ninavyosema. Jana peke yake nilichomewa nyumba saba. Sikujua kama nilikuwa tajiri hivyo.

Mama hajambo, ila miguu haimtoi tena nje ya ua wake pale Mabawe. Francisca asikusumbue. Mwambie Pasaka nitakuja. Mwambie nilimleta kwako kwa sababu ya shule, na kwa sababu ya milio ya bunduki tunayoisikia Mabawe kutoka ng'ambo ya mpaka, si kwa sababu simtaki. Mtoto wa miaka sita anaweza kuelewa vibaya.

Mdogo wako,
Adelfina


Nemba,
13 Aprili 1997

Mdogo wangu Adelfina,

Marahaba. Barua ilifika inanuka sabuni kweli. Nilimsomea Baba Derick ile habari ya karamu, akacheka mpaka akachelewa kukamua. Anasema Wahangaza mngepewa herufi moja tu, maana ya pili mnaiharibu bure. Nimemwambia Msukuma aliyeoa Mhangaza anyamaze ale.

Pasaka hukuja. Francisca alikaa kando ya barabara na gauni lake jeupe tangu misa ilipoisha mpaka mbuzi wakarudi. Sikulaumu, kazi ni kazi. Ameng'oka jino la mbele. Wenzake hutupa yao juu ya paa, yeye amekataa. Amelifunga kwenye kitambaa, anakuwekea ulione.

Kazi ikichosha, jikaze. Ni wangapi wanaitafuta kazi ya kukaa kwenye kiti? Sisi huku mgongo haunyooki.

Dada yako,
Deodata


Ngara Mjini,
8 Juni 1997

Dada Deodata,

Shikamoo. Nisamehe kwa ile Pasaka. Tulikuwa wakalimani watatu. Mmoja ameacha kazi, mwingine anaumwa, nimebaki peke yangu. Walikuwa watu saba kwa siku, sasa ni kumi na wanne. Leo nimefiwa na waume wawili kabla ya chai ya saa nne. Nilimwambia Arafa hivyo hivyo, akacheka, halafu akaacha kucheka akaniangalia.

Dada, kuna kitu kinanitia hofu na sijui nikiseme vipi. Marehemu mume wangu alifia hospitalini, kitandani, nimemshika mkono. Hilo nalijua. Lakini juzi nikichambua mchele nilimkumbuka, nikamwona amelala njiani ana kiatu kimoja. Nilikaa na sinia mapajani mpaka Arafa akaja kulichukua. Kiatu kile si chake. Ni cha mume wa mtu aliyekaa mbele yangu siku moja, simkumbuki sura. Najiuliza, nikikisahau kile kitanda cha hospitali, nitakitafuta wapi?

Nimeomba likizo. Wamesema nisubiri apatikane mtu mwingine. Chakula hakipiti. Gari la asubuhi likipiga honi tumbo linanikata. Ungeweza kuja, hata siku mbili tu?

Adelfina


Nemba,
29 Juni 1997

Mdogo wangu,

Pole. Kuja siwezi, pamba iko shambani na mikono ni yetu hii hii. Unawaza sana, ndiyo maana. Kunywa maziwa, sali, na maneno ya watu uyaache huko huko kambini. Baba alipofariki, mama alishika jembe wiki ile ile. Sisi si watu wa kulegea.

Francisca anakusalimu. Jino bado analo.

Deodata


Ngara,
24 Agosti 1997

Dada,

Nilivuka mto Ruvubu mchana, maji yananifika kifuani. Ndikuriyo alikuwa analia. Ana meno mawili tu, ya chini. Wale watu walikuwa karibu, tuliwasikia wakiongea habari za chumvi, kwamba chumvi imeadimika. Wenzangu waliniambia nimnyamazishe la sivyo tutakufa wote. Nilimweka kwenye matete nikamfunika na kitenge cha njano. Nilimwambia nitarudi wakishapita.

Sikurudi.

Nimeshasema, lakini wao wanaandika tu. Usimwambie mama. Usimwambie Francisca.

A.


Nemba,
7 Septemba 1997

Adelfina,

Barua yako nimeisoma mara tatu kisha nikaitia motoni, Baba Derick asije akaiona.

Mwaka mmoja na nusu hatujaonana. Sasa naelewa kwa nini Pasaka hukuja. Ndikuriyo ni mtoto wa nani? Baba yake ni nani? Ng'ambo ulikwenda kutafuta nini wakati watu wanatoka huko wakikimbia? Mama anajua? Naogopa, Adelfina. Naogopa polisi, naogopa padri, naogopa watu wa Mabawe wakisikia. Na wewe nakuogopa. Wewe niliyekubeba mgongoni, leo nakuogopa.

Mtoto haachwi kwenye matete. Kamfuate. Kama yu hai umlete, kama hayupo umzike kama Mkristo. Kabla ya hapo usikanyage kwangu, na Francisca humwoni.

Deodata


Ngara,
19 Septemba 1997

Dada Deodata,

Umesema kweli. Nitamfuata. Yale matete nayajua.

Iradukunda


Ngara Mjini,
29 Septemba 1997

Kwa dada yangu Deodata,

Salaam nyingi. Hunijui kwa sura. Mimi ni Arafa, ninayekaa na Adelfina. Anuari nimemwomba aondoke leo hii na akukabidhi barua hii mkononi, asimwachie mtu.

Jumanne iliyopita walipita sokoni watu wanaokusanya wageni waishio nje ya kambi. Muuza nyanya ndiye aliyeniambia. Walimuuliza Adelfina ni mwenyeji wa wapi, swali ambalo mtu hujibu huku anachagua nyanya. Akawajibu kwa Kirundi kwamba yeye ni Iradukunda wa Muyinga, amevuka mto. Wakampandisha kwenye lori pamoja na wengine.

Siku nne nilikuwa simpati. Bwana Kombo yuko pwani, amefiwa. Jana nikaletewa kupiga chapa orodha ya wanaoomba kurudi kwao kwa hiari. Nikaona jina Iradukunda, na pembeni yake sahihi yenye A kubwa yenye mkia. Ile A naijua, inaandikwa kwenye meza yangu kila siku. Dada, ameomba kurudishwa ng'ambo. Lori linaondoka Ijumaa, tarehe 3, asubuhi. Huko anakotaka kupelekwa bado watu wanakufa.

Nimewaambia huyu ni mwenzetu. Wanasema mwenyewe ametamka ametoka Muyinga, na anaongea kama wao. Cheti chake cha ubatizo nimekipata sandukuni, wanasema karatasi haitoshi, aje ndugu wa damu. Mama yenu hatembei. Umebaki wewe.

Barua yako ya tarehe 7 niliikuta chini ya mto wake. Nisamehe, nimeisoma, na kwa hiyo lazima nikwambie. Adelfina hajazaa mtoto mwingine. Iradukunda yupo, ni mkimbizi, alihojiwa mwezi wa nane. Alieleza habari za mtoto wake Ndikuriyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na Adelfina akatafsiri neno kwa neno kwa "mimi", kama alivyofundishwa. Mimi nilipiga chapa. Adelfina alipotoka alikwenda bombani akanawa mikono, akanawa tena. Kisha akaingia kwa mtu wa pili. Walikuwa wamebaki saba.

Sikulaumu. Wewe ulikuwa mbali. Mimi nililala naye chumba kimoja, nikamwona anavyokwisha, nikaendelea kumcheka karamu yake.

Njoo, dada.

Arafa


Mabawe,
5 Oktoba 1997

Baba Derick,

Salamu kwako na kwa watoto. Tuko kwa mama, mimi na Adelfina, wote wawili. Nimeanza na hilo ili usisome kwa hofu niliyosafiri nayo mimi.

Ijumaa saa mbili tulikuwa kambini, mimi na Arafa. Lori lilikuwa limeshawashwa. Watu wamekaa chini kwa mistari na mafurushi yao, na mimi nilimpita Adelfina mara mbili bila kumjua. Amekonda, mashavu yameingia ndani. Nilimwita kwa jina, hakugeuka. Nilipomshika bega alinitazama kwa adabu akanisalimu kwa Kirundi, salamu ya mtu mzima usiyemfahamu. Bora angenipiga. Tangu nizaliwe sijaogopa vile.

Karani wa orodha anaitwa Ildefonce, si mtu mbaya. Alituketisha kwenye benchi ofisini kwake, akakisoma cheti, akasema anataka mwenyewe aseme. Mkalimani hakuwapo, maana mkalimani ndiye huyo aliyekaa mbele yake. Akanipa mimi kazi hiyo. Akauliza mama huyu anaitwa nani. Adelfina akajibu kwa Kirundi. Nikaanza kumwambia karani, anasema kwamba anaitwa Iradukunda. Sikumaliza. Adelfina alinikatiza kwa Kiswahili safi.

"Usiseme anasema. Sema mimi."

Baba Derick, unaijua sauti yake akinisahihisha. Ndiyo ile ile. Nikajua yumo humo ndani, na nikakumbuka kwamba aliniandikia habari ya hilo neno kwenye barua ya kwanza kabisa. Nilicheka karamu, neno "mimi" nikalisahau.

Nikamwomba karani anivumilie. Nikamgeukia Adelfina, nikamwambia kwa Kihangaza kwamba nina maneno ya kumweleza huyu bwana na Kiswahili changu hakitoshi, anitafsirie. Alijiweka sawa kwenye benchi, akakunja mikono mapajani. Nikasema sentensi moja, nikasubiri, akaisema kwa Kiswahili. Nikasema nyingine.

Mimi ni Deodata wa Nemba, akasema. Mdogo wangu aliniomba nije, nikamjibu pamba iko shambani. Aliniandikia uchungu wa mtu mwingine, nikadhani ni dhambi yake. Nilimfukuza kwangu kwa barua. Nilimwambia akamfuate mtoto ambaye si wake. Yote hayo aliyasema kwa "mimi", kwa sauti kavu, bila kukosea neno. Mimi nalia, yeye halii. Arafa alikuwa ameugeukia ukuta.

Nikaendelea. Mdogo wangu anaitwa Adelfina, binti wa marehemu Anastazi wa Mabawe. Akatafsiri. Mume wake alifia hospitalini, kitandani, yeye amemshika mkono. Hapo alichelewa, lakini akatafsiri. Dereva alianza kupiga honi, na Adelfina akageuza kichwa kuelekea kwenye lori. Nikasema haraka, ana mtoto mmoja, Francisca, aliyeng'oka jino akalifunga kwenye kitambaa ili mama yake alione.

Nilisema ana. Kwa Kihangaza nilisema wazi kabisa, ana. Adelfina alimtazama karani akianza kuikunja orodha. Kisha akasema kwa Kiswahili:

"Nina mtoto mmoja."

Ildefonce akainua macho, akauliza ni nani mwenye mtoto, mimi ninayeongea au yeye anayetafsiri.

"Mimi," Adelfina akasema.

Karani akalipiga mstari lile jina. Lori likaondoka na wengine.

Usidhani yamekwisha. Mlango ukigongwa anajificha nyuma ya mama. Jana aliniuliza kama kitenge cha njano kimekauka, na kitenge cha njano hapa hatuna. Nilitaka kumwambia jikaze, neno likafika mdomoni nikalimeza. Ndilo nililompa mwaka mzima, na umeona lilikompeleka. Sasa namuuliza amekula nini. Akijibu namuuliza amelala vipi. Basi, sina dawa nyingine.

Nitakaa mpaka mwisho wa mwezi. Palizi uanze na Derick, na usininunie. Francisca mwambie mama yake anaumwa uchovu, ugonjwa wa kweli kama malaria, na kwamba ameulizia jino.

Wako,
Mama Derick


Mabawe,
14 Desemba 1997

Dada Deodata,

Shikamoo. Naandika kwa ile karamu uliyoniachia. Nimeliacha neno hivyo makusudi. Arafa alipokuja wiki iliyopita nililitamka mbele yake, akacheka, akalia, kisha tukala.

Barua zako zote sita zimefika, na zote zinauliza nimekula nini. Jana viazi na maharage. Leo ndizi, nimemaliza sahani. Mwanzoni maswali yako yalinichosha, nikaona unanilea kama kuku wa mayai. Siku hizi nikila nakumbuka kuna mtu Nemba anataka kujua, basi naongeza tonge.

Bwana Kombo alikuja mpaka hapa. Alikaa kwenye kigoda cha mama akaniomba radhi, na mama, ambaye hakuelewa nusu ya maneno yake, alimsamehe kabla yangu. Anasema sasa wako wakalimani wanne, wanapokezana, na kabla ya kuondoka kazini kila mmoja hukaa na wenzake akaeleza jambo moja lililotokea nyumbani kwake mwenyewe, hata kama ni kuku kutaga. Aliniuliza kama nitarudi. Nikamwambia sijui. Nilifurahi, maana jibu hilo lilikuwa langu.

Iradukunda yuko kambini. Yeye ndiye aliyemwacha mtoto kwenye matete. Yeye. Nimeliandika mara mbili ili mkono uzoee. Nikikaa na huzuni yake naona namwibia, nikimrudishia naona namtupa. Arafa huenda kukaa naye Jumapili. Nikipona nitakwenda mimi, nikae tu, nisitafsiri.

Mvua haikatiki mwaka huu. Ng'ambo kunanguruma, mara nyingine ni radi na mara nyingine si radi, na mimi sijui tofauti mpaka nimuulize mama. Naogopa, dada. Naogopa honi, naogopa soko, naogopa mtu akiniuliza ninatoka wapi. Kule kambini nilikuwa nasema hofu za watu siku nzima na mwenyewe siogopi chochote, na hilo ndilo lilikuwa baya. Hii ya sasa naijua, ni yangu.

Noeli nileteeni Francisca. Aje na jino lake. Lakini kwanza kaa naye umweleze taratibu, usimfiche, ana akili kuliko sisi. Mwambie huenda nikamwita Ndikuriyo. Nikimwita hivyo asikimbie na asilie. Asimame karibu aniambie, "Mama, mimi ni Francisca."

Aseme mimi. Nitamwamini.

Mdogo wako,
Adelfina